Kidole, laini na kopi ya NIDA: mwongozo wa kulinda utambulisho wako kabla hujalizwa

Kwa miaka mitatu nilikaa nyuma ya mashine ya fotokopi, kwenye steshenari moja jirani na stendi ya daladala, Dar es Salaam. Kazi ilikuwa kopi, kuchapa barua, kuskani vyeti na kuwajazia watu fomu za maombi ya kazi. Mteja akija na picha ya kitambulisho kwenye simu tulimwambia, "Nirushie WhatsApp." Akirusha, naipakua kwenye kompyuta, naitoa kwenye printa, analipa, anaondoka. Picha inabaki. Siku naacha kazi nilifungua folda ya vitu vilivyopakuliwa nikakuta vitambulisho vya NIDA, yaani vya taifa, mbele na nyuma, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, mikataba ya pango, taarifa za benki. Kompyuta haikuwa na nenosiri. Aliyekalia kile kiti, hata kama ni mpita njia aliyeachiwa duka dakika tano, alikuwa na watu wote wale mkononi.

Nimeanza na folda ile kwa sababu tukisikia wizi wa utambulisho tunamfikiria kijana aliyejifungia chumbani na skrini sita. Wapo hao. Lakini ninaowafahamu mimi waliolizwa, hakuna aliyedukuliwa. Walitoa wenyewe, kipande kwa kipande: namba ya NIDA huku, kidole kule, namba ya uthibitisho kwa "mhudumu" wa kwenye simu. Mwongozo huu unafuata vipande hivyo, kwa mpangilio ambao ningeufuata kama ningekuwa na jioni moja tu ya kukaa na simu yangu. Nimeuandika kwa mtu aliyeko Tanzania. Aliyeko Kenya au Burundi atakuta mambo ni yaleyale, ila namba za kupiga ni nyingine.

Kwanza tuelewane kuhusu laini. Huku kwetu namba ya simu ni pochi, ni mlango wa akaunti ya benki, ni ufunguo wa WhatsApp na wa barua pepe. Anayeishika laini yako kwa nusu saa anaweza kuvifungua vyote hivyo. Na tangu usajili wa laini kwa alama za vidole ulipofikia ukomo tarehe 20 Januari 2020, kila laini lazima iwe na mwenyewe anayetambulika NIDA. Lengo lilikuwa jema, ila tapeli naye alijirekebisha. Zamani alitumia laini isiyo na jina. Siku hizi anatumia laini yenye jina, lakini jina si lake. Namba iliyomliza mtu wa Mbeya ikifuatiliwa, linatoka jina la bibi wa Mkuranga ambaye hata kuandika ujumbe hajui.

Hatua ya kwanza: jihesabu

Piga *106# kwenye simu yako sasa hivi, kabla hujaendelea kusoma. Haihitaji bando. Menyu itakupa nafasi ya kuangalia namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Usiishie kwenye mtandao wako, tafuta sehemu inayoonyesha mitandao mingine pia. Maneno ya menyu yanaweza kutofautiana kidogo kati ya mtandao na mtandao, lakini ukisoma taratibu utaiona.

Shangazi yangu nilimpigia mimi, tumekaa barazani kwake. Alikuwa na laini moja maisha yake yote, ileile aliyonunuliwa na marehemu mume wake. Menyu ikaleta tatu zaidi, mbili kati yake za mtandao ambao hajawahi kuutumia hata siku moja. Akaniangalia kana kwamba mimi ndiye niliyeziweka.

Ukikuta namba usiyoijua, usiipigie kumuuliza aliyenayo. Nenda na kitambulisho chako kwenye duka rasmi la mtandao husika, si kwa kijana wa mwavuli, uwaambie namba fulani si yako na unataka iondolewe kwenye usajili wako. Watakuhakiki kwa kidole. Kabla ya kuondoka piga tena *106# uone kama imetoka, na uandike jina la aliyekuhudumia na tarehe. Mimi nimelifanya zoezi hili kuwa la kila mwezi, siku ileile ninayonunua umeme. Ningelitengea siku yake peke yake ningelisahau.

Hatua ya pili: kidole chako

Hili ndilo ambalo watu wengi hawalioni hata likifanyika mbele ya macho yao. Unakwenda kusajili laini au kurudisha iliyopotea. Kijana ana simu na kisomeo kidogo cha alama za vidole.

"Weka kidole, mama." Unaweka.

"Hakijasoma. Futa jasho." Unafuta kwenye kanga, unaweka tena.

"Mtandao leo uko chini. Tujaribu cha pili." Unaweka cha pili. "Tena kidogo."

Mara nyingine kweli hakijasoma. Mikono ya mkulima, ya fundi ujenzi na ya mama wa kufua hukataa mashine, na mtandao husumbua. Lakini mara nyingine kilisoma tangu mara ya kwanza, na kila unapogusa tena unasajili laini nyingine ambayo itauzwa kwa mtu usiyemjua. Kwa macho huwezi kutofautisha, kwa hiyo jiwekee utaratibu. Simama upande ambao unaiona skrini yake. Kila baada ya kugusa, uliza kwa sauti: imekubali au imekataa? Akisema imekataa, mwambie akuonyeshe. Ikizidi mara tatu, sema asante na uende dukani. Na hata mambo yakienda vizuri, usiondoke pale kabla hujapiga *106#. Ukipiga mbele yake, kama kuna la ziada utaliona kwenye uso wake kabla hujaliona kwenye skrini.

Wazee wafundishwe hili mapema. Wanaozunguka mitaani wakitoa laini za bure, fulana au vocha ya jero kwa sharti la kidole, wengi wao wanatafuta kitu kimoja tu. Na ndugu anayekuambia "nisaidie kidole, NIDA yangu haijatoka" anakuomba jambo kubwa kuliko anavyolisema. Laini ile ikitumika vibaya, jina litakalosomwa kituoni ni lako. Mimi nilimkatalia binamu yangu. Alinuna, kisha akanunua laini yake mwenyewe namba ya NIDA ilipotoka.

Hatua ya tatu: namba za siri, na jaribio la kitochi

Chukua kitambulisho chako cha NIDA uiangalie namba. Ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa: mwaka, mwezi, siku. Sasa fikiria namba ya siri ya pesa yako kwenye simu. Kama ni mwaka wako wa kuzaliwa, umeiandika juu ya kitambulisho chako na kumpa kila aliyewahi kukuomba kopi. Ibadilishe leo. Mwaka wa kuzaliwa wa mtoto, mwaka wa ndoa, 1234 na 0000 ziache pia. Namba ya pesa isifanane na ya kufungulia simu, wala na ya kadi ya benki.

Halafu kuna namba ambayo karibu hakuna anayeitumia: PIN ya laini yenyewe. Nilikuwa siamini umuhimu wake mpaka nilipojaribu. Nilitoa laini kwenye simu yangu, ambayo ina alama ya kidole na kila kitu, nikaiweka kwenye kitochi, ile simu ndogo ya batani, cha mpwa wangu. Nikachukua simu nyingine, nikaandika anwani yangu ya barua pepe na kusema nimesahau nenosiri. Namba za uthibitisho zikaingia kwenye kitochi kwa ujumbe mfupi. Kabla chai haijapoa nilikuwa ndani ya barua pepe yangu mwenyewe bila kujua nenosiri lolote. Kufuli lote la simu ya bei mbaya halikusaidia kitu, maana mwizi hahitaji simu. Anahitaji kile kipande kidogo cha plastiki kilichomo ndani.

Ukiweka PIN kwenye laini, kila simu inapozimwa na kuwashwa, au laini inapohamishiwa simu nyingine, itadaiwa PIN kwanza. Kwenye Android ingia Mipangilio, kisha sehemu ya usalama, utafute palipoandikwa kufunga laini au SIM. Utaulizwa PIN iliyopo, yaani ile iliyokuja na laini. Kama huijui usibahatishe: ukikosea mara tatu laini inajifunga na kudai PUK, namba ya kuifungulia, ambayo ina tarakimu nane, na PUK ukiikosea mara kumi laini inakufa kabisa. Piga 100, huduma kwa wateja, wakupe zote mbili baada ya kukuhakiki. Kisha weka PIN yako, na PUK uiandike kwenye daftari la nyumbani. Ukiiandika kwenye simu hiyohiyo haitakufaa siku laini ikijifunga.

Hatua ya nne: anayekupigia akijua jina lako

"Habari za saa hizi, naongea na…" na anataja majina yako matatu, yote sahihi. Hapo wengi hulegea. Amelijua jina langu lote, atakuwa ni wa kampuni kweli.

Hapana. Ingia kwenye menyu ya kutuma pesa, andika namba ya mtu yeyote na kiasi, nenda hatua kwa hatua. Kabla ya kuthibitisha, jina la mpokeaji linatokea. Mtu yeyote mwenye namba yako anaweza kulipata jina lako bila kutumia hata shilingi, akaghairi muamala na kukupigia. Namba yenyewe ataipata kwenye daftari la wakala, lile linalolala wazi juu ya meza na kalamu imefungwa kwa uzi, kila mteja akisoma ya wenzake huku anasaini.

Baada ya jina kinafuata kitisho: laini yako inafungwa leo saa kumi jioni, au usajili wako una kasoro, au kuna pesa imekwama kuingia kwako. Kisha anataka moja ya mambo mawili. Ama umsomee namba zilizoingia kwa ujumbe mfupi, ama ubonyeze anavyokuelekeza huku yeye akiwa hewani. Anayekuelekeza kubonyeza anakupitisha kwenye menyu ya kutuma pesa. Anakwambia "weka 1, weka 1 tena, andika namba hii ya kumbukumbu", na hiyo namba ya kumbukumbu ni ya kwake, ya kupokelea.

Kampuni za simu Tanzania humpigia mteja kwa namba 100. Ikitokea namba ya kawaida ya tarakimu kumi ikajitambulisha kama huduma kwa wateja, kata. Usibishane naye wala usimkejeli. Kata, kisha wewe mwenyewe piga 100 uulize kama kuna tatizo. Namba ya uthibitisho iliyoingia kwenye simu yako haisomewi mtu yeyote, hata akijitambulisha kuwa afisa wa benki yako na akataja salio lako.

Kuna mchezo wa kimyakimya zaidi. Ghafla wanakupigia watu watatu wanne wenye "samahani, nimekosea namba", au unapokea pesa kidogo kutoka kwa usiyemjua. Hizo zinaweza kuwa kumbukumbu anazojitengenezea mtu anayejiandaa kurudisha laini yako kwa jina lako, yaani kuchukua kadi mpya yenye namba yako. Akiulizwa namba ulizowasiliana nazo karibuni, anazijua, maana ni zake. Kurudisha laini siku hizi kunadai kidole, kwa hiyo atahitaji pia wakala mbovu. Wakala mbovu hakosekani.

Dalili kubwa ya kuibiwa laini ni mtandao kupotea kwako peke yako. Wenzako wa mtandao huohuo mezani wanapiga simu, yako imeandika hakuna huduma. Zima, washa. Bado? Usisubiri asubuhi. Azima simu, piga 100, uulize kama laini yako imerudishwa leo na uombe ifungwe pamoja na akaunti ya pesa. Wezi hupenda Ijumaa jioni na sikukuu, wakati maduka yamefungwa na wewe umeshajisemea kwamba mtandao utarudi tu.

Hatua ya tano: barua pepe, halafu WhatsApp

Watu wanailinda Instagram na kuiacha barua pepe. Ni kama kufunga dirisha na kuuacha mlango. Karibu kila akaunti uliyonayo, ukisahau nenosiri, inatuma barua ya kulibadilisha kwenye anwani hiyohiyo. Kwa hiyo barua pepe ipewe nenosiri lake, refu, lisilotumika popote pengine. Sentensi ya maneno manne matano ambayo unaielewa wewe tu ni ngumu kubahatisha kuliko jina la mtoto na alama ya mshangao.

Kisha weka uthibitisho wa hatua mbili. Usitegemee ujumbe mfupi peke yake, umeona jaribio la kitochi. Tumia programu ya kuzalisha namba za uthibitisho, Google Authenticator au nyingine ya namna hiyo, halafu uzitoe zile namba za akiba, ambazo akaunti hukupa za kuingilia usipokuwa na simu, uzichapishe na kuziweka pamoja na vyeti vyako. Ukizihifadhi kwenye simu tu, siku simu ikiibiwa wewe ndiye utakayefungiwa nje.

Ukiwa humohumo angalia namba ya simu iliyowekwa kwa ajili ya kurejesha akaunti. Wengi utakuta ni ya laini waliyoiacha miaka mitano iliyopita. Laini ikikaa muda mrefu bila kutumika kampuni huifuta na kuiuza upya, na aliyeinunua sasa ndiye atakayepokea namba zako za uthibitisho. Tuliwahi kumpata mteja steshenari aliyekuwa anapokea taarifa za mkopo wa benki wa mtu asiyemjua kwa sababu hiyo tu.

Ukitaka kujua kama anwani yako imewahi kuvuja kwenye tovuti iliyodukuliwa, tovuti ya Have I Been Pwned, iliyoanzishwa na Troy Hunt wa Australia mwaka 2013, itakuambia bure. Ikikuonyesha uvujaji, badilisha nenosiri la huko na popote ulipolirudia.

WhatsApp ina mambo mawili. Kwenye Mipangilio, upande wa Akaunti, washa uthibitishaji wa hatua mbili na uweke PIN ya tarakimu sita pamoja na barua pepe ya kuirejeshea. Hapo hata mwizi akiipata ile namba ya uthibitisho ya kwanza, ataishia kwenye PIN. La pili, fungua orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Kila kompyuta unayoiona pale inasoma meseji zako. Usiyoijua, itoe. Wateja wetu wengi walikuwa wakifungua WhatsApp kwenye kompyuta ya duka ili watoe hati, wakaondoka bila kuifunga. Tuliona jumbe za ndoa za watu zikipita.

Hatua ya sita: kopi

Hapa naongea kama mwenye kazi yake.

Kabla ya kutoa kopi ya kitambulisho uliza kama inatakiwa kopi au namba tu. Sehemu nyingi wanadai kopi kwa mazoea. Dalali anayekupeleka kuona chumba hahitaji NIDA yako, mwenye nyumba atakayesaini mkataba ndiye anayeihitaji. Mlinzi wa getini akiomba kukupiga picha kitambulisho kwa simu yake binafsi, kataa kwa upole, mwambie aandike jina kwenye daftari.

Inapobidi kutoa, iandike kopi yenyewe. Chukua kalamu ya wino, pitisha mistari miwili ya mshazari juu ya kopi, na katikati yake andika: "Kwa ajili ya kufungua akaunti tu", jina la taasisi, tarehe. Maandishi yaguse picha na namba lakini vyote visomeke. Benki na ofisi nilizopeleka za namna hiyo zilipokea bila neno. Kopi iliyoandikwa hivyo haina thamani kwa anayetaka kuipeleka kwingine. Kwenye picha ya simu fanya vilevile kwa kutumia sehemu ya kuandika juu ya picha kabla ya kuituma.

Ukienda steshenari, beba faili moja tu unayotaka kutoa, kwenye flashi. Ukirusha kwa WhatsApp, jua kwamba kufuta ujumbe kwa pande zote hakufuti faili iliyokwisha kupakuliwa. Mwombe mhudumu aifute mbele yako, kisha aondoe na kwenye pipa la kompyuta. Akikunja uso, ni sekunde kumi, mwache akunje. Na zile kopi zilizoharibika, iliyokwama, iliyotoka nyeusi, iliyopinda, zidai. Umelipia karatasi. Kwetu zilikuwa zinarundikwa chini ya meza, na mwisho wa wiki mama mmoja alikuwa anazichukua za kufungia karanga na maandazi. Nimekula maandazi yaliyofungwa kwenye cheti cha kidato cha nne, jina na namba ya mtihani vikisomeka vizuri kupitia mafuta.

Kwenye maombi ya kazi uwe mkali zaidi. Nafasi za serikali hupitia Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira, na anwani za taasisi za serikali huishia na .go.tz. Mwisho wa anwani ndio wa kuusoma, maana mwanzoni mtu anaweza kuandika "ajira" au "nida" akimalizia na chochote. Tangazo linalotaka uitume picha yako ukiwa umeshika kitambulisho usoni kwa namba ya WhatsApp ya mtu, liache lipite. Picha ya aina hiyo ndiyo huduma nyingi za mtandaoni hutumia kuhakiki kwamba wewe ni wewe. Ukiituma, umempa mtu uso wako akafungue nao akaunti.

Hatua ya saba: programu za mikopo na ruhusa zake

Mkopo wa dakika tano una bei yake nje ya riba. Programu inapowekwa huomba ruhusa ya kusoma majina yako yote ya simu, jumbe, picha, mahali ulipo. Ukichelewa kulipa siku mbili, shemeji yako, mchungaji wako na bosi wako wanapokea ujumbe kwamba wewe ni mwizi na wao ni wadhamini wako. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yanakopesha mtandaoni bila leseni. Kabla ya kukopa hakikisha kwamba mkopeshaji ana leseni ya Benki Kuu.

Kwenye simu, ingia Mipangilio, Programu, kisha Ruhusa, uangalie ni nani anasoma majina yako na jumbe zako. Programu ya tochi haina kazi na orodha ya majina. Ukimkuta anayesoma jumbe bila sababu mtoe, kwa maana namba za uthibitisho zinaingilia humo. Faili la programu ulilotumiwa kwa WhatsApp, hata kama limeandikwa ni kadi ya mwaliko wa harusi, usilifungue.

"Ile hela tuma kwenye namba hii"

Jumbe kama hizi kila mtu anazijua na bado watu wanalizwa, kwa sababu siku moja ujumbe unakukuta kweli unadaiwa kodi ya nyumba. Kabla ya kutuma piga namba ya zamani ya unayemtumia, usikie sauti yake. Ukiambiwa pesa imeingia kwako kwa makosa, usiamini ujumbe, angalia salio kwenye menyu. Kama imeingia kweli, mwambie aliyetuma awasiliane na kampuni yake irudishwe kwa utaratibu. Wewe usimtumie.

Ujumbe wa kitapeli uupeleke kwenda 15040, ni bure. Utajibiwa na kuombwa namba iliyoutuma, nawe utaiandika. Ripoti za robo mwaka za TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano, zimekuwa zikiitaja mikoa ya Rukwa na Morogoro kwa wingi wa namba za utapeli zilizofungiwa, na hesabu hizo zinatokana na watu wanaoripoti. Kuufuta tu ujumbe kunaiacha namba hai kwa jirani yako.

Ukishalizwa

Mpangilio ni muhimu kuliko kasi. Kwanza 100, kwa simu ya kuazima: fungeni laini na akaunti ya pesa. Uliza namba ya kumbukumbu ya malalamiko yako, iandike. Pili benki, kwa namba iliyo nyuma ya kadi, usiitafute kwenye mtandao maana huko matapeli nao wameweka zao. Tatu barua pepe: ukiwa na kompyuta au simu ya unayemwamini, badilisha nenosiri na utoe vifaa vyote vilivyoingia. Nne, toa taarifa kwenye makundi ya familia na kazini kwamba atakayeombwa pesa kwa jina lako asitume. Hili la nne watu huona aibu kulifanya, na ndilo linalookoa pesa nyingi zaidi, kwa sababu saa ya kwanza mwizi anawafuata ndugu zako.

Kisha kituo cha polisi. Usifute ujumbe wowote, hata wa matusi. Piga picha za skrini, chukua taarifa ya miamala kutoka kwa kampuni ya simu, andika saa. Hakikisha unaondoka na namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi, kwa kuwa benki na kampuni ya simu wataidai. Kujifanya mtu mwingine kwa kutumia kompyuta ni kosa chini ya kifungu cha 15 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Ukikitaja kwa adabu pale kaunta, maelezo yako hayataandikwa kama upotevu wa simu tu.

Kama taarifa zilivujia kwenye taasisi, yaani mwajiri, mkopeshaji au duka lililosambaza kopi zako, kuna mlango mwingine. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa rasmi tarehe 3 Aprili 2024. Una haki ya kuiuliza taasisi ina taarifa gani zako, kutaka zirekebishwe au zifutwe, na kupeleka malalamiko kwa Tume. Anza kwa barua kwa taasisi yenyewe, nakala ubaki nayo, ikiwa na muhuri wao wa kupokelewa. Steshenari watakuchapia barua hiyo, na wakimaliza simama hapohapo mpaka waifute kwenye kompyuta.